Nina shamba ambalo mume wangu halijui, na sasa anataka kuuza sehemu ya kihamba

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, mkulima wa Kibosho, wilaya ya Moshi. Naomba usitaje jina langu wala kijiji, maana huku tunajuana wote. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ingawa hilo si jina la mtoto wetu.

Tulifunga ndoa kanisani na Mungu ametujalia mabinti watatu. Wa kwanza amepata nafasi chuo cha afya, anakwenda kusomea stashahada ya uuguzi. Wa pili yuko kidato cha tatu, mdogo yuko darasa la tano. Mtoto wa kiume hatukupata.

Maisha yetu yote ni kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kahawa ni ya mume wangu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za huku. Yeye ndiye anayeipeleka chama cha msingi na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye daftari. Ndizi na maziwa ni vyangu. Nakata majani ya ng'ombe, nakamua kabla hakujapambazuka, nashusha mikungu ya mshare sokoni. Sijawahi kulalamika juu ya hilo. Baba Neema si mlevi, mbege anaonja kwenye shughuli tu, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayasema haya usije ukadhani naishi na mtu mbaya.

Mambo yalianza siku tuliyomzika baba mkwe. Tulimzika hapo hapo kihambani, chini ya migomba nyuma ya nyumba. Jioni watu walipopungua, ukoo ukakaa kikao. Kaka yake mkubwa mume wangu, ambaye anaishi Dar es Salaam, akawatembeza wazee mpakani, akawaonyesha masale, mimea ya mpaka aliyoipanda marehemu. Waliporudi kukaa akasema: "Hapa kwa mdogo wangu tuangalie mbele, maana mrithi hakuna. Kihamba cha ukoo hakiendi kwa watu wa nje." Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe mkononi. Watu wa nje ni wanangu. Nikamtazama mume wangu. Aliinamisha macho, hakusema neno. Mpaka leo hajalizungumzia, na mimi sijamuuliza.

Usiku ule usingizi haukuja. Kuna mama mmoja jirani yetu aliyefiwa na mume akiwa na mabinti watupu. Shemeji zake walimwachia chumba kimoja na mstari wa migomba, kingine chote wakagawana. Nikajiambia mimi sitasubiri hayo yanikute.

Tuna kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, VICOBA. Fedha ya maziwa ya jioni nikawa nanunulia hisa. Mwisho wa mwaka tulipogawana, nikaongezea na mkopo, nikanunua heka moja kule Kahe, tambarare. Niliogopa kwamba viongozi wa kule wakiona jina la mke wa mtu wataanza kuuliza mume yuko wapi, kwa hiyo nilimwomba mdogo wangu wa kiume asimame kama mnunuzi. Karatasi ya mauziano ina jina lake na muhuri wa kitongoji, na iko kwa mama yangu Uru, chini ya kanga zake sandukuni. Kila masika napanda mahindi na maharage. Nikitaka kwenda, namwambia Baba Neema nakwenda kumwangalia mama. Mavuno nauza huko huko. Huu ni mwaka wa sita.

Sasa ada ya chuo imefika. Ukijumlisha hosteli, sare na vifaa inapita milioni mbili, na huyu wa sekondari naye anadaiwa michango. Kaka mtu amejitokeza. Anasema atanunua sehemu ya chini ya kihamba, kuanzia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, mpaka barabarani, ajenge nyumba ya kufikia wakija Krismasi. Fedha anayoitaja ingemsomesha binti mpaka amalize. Wanakuja Desemba na wanataka karatasi iandikwe hapo hapo wazee wakiwepo.

Baba Neema aliniambia tukiwa jikoni, watoto wamelala. Alisema, "Mama Neema, mimi sitaki mtoto akose chuo. Wewe unaonaje?" Mdomo ukawa mzito. Nikasema nitafikiri. Ni wiki kadhaa sasa bado "nafikiri".

Sehemu hiyo ya chini ndiyo yenye migomba yangu mizuri na majani ya ng'ombe. Na anayeichukua ni yule yule aliyewaita wanangu watu wa nje. Nikinyamaza, kihamba kinakatwa na mimi nina heka nzima Kahe. Nikisema, mume wangu atajua kwamba miaka yote hiyo nikimuaga nakwenda kwa mama nilikuwa namdanganya. Nimefikiria niuze shamba kimyakimya nimwambie nimekopa kikundini. Halafu tena naogopa kubaki mikono mitupu, maana pale kihambani mimi sina changu. Na jingine: siku hizi mke wa mdogo wangu nimemsikia akisema "shamba letu la Kahe".

Nikinyamaza nakosa, nikisema nakosa. Nisaidie mama.

Mama wa mabinti watatu, Kibosho

*

Marahaba mwanangu. Umeandika mambo mazito kwa utulivu, na nimeona jinsi ulivyojitahidi kumtendea haki mume wako hata pale ulipokuwa unanieleza yanayokuumiza. Acha nikurudishie nilichokielewa.

Una hofu mbili na umezifunga kwenye fundo moja. Ya kwanza ni ya zamani: Baba Neema akitangulia mbele za haki, wewe na mabinti mtasimama wapi? Ya pili ni ya Desemba hii: ada, shemeji, na siri ya Kahe kufichuka. Shamba ulilinunua kwa ajili ya hofu ya kwanza. Sasa hofu ya pili inakuja kulidai. Ndiyo maana kila mlango unaoufungua unaona kama unapoteza.

Nianze na ile jioni ya msiba, kwa sababu naona mengine yote yameota pale. Uliutazama uso wa mume wako ulioinama, ukausoma kwamba amekubaliana na kaka yake. Inawezekana. Lakini fikiria mahali penyewe. Kaburi la baba bado bichi, kaka mkubwa ameshika neno, wazee wa ukoo wamekaa. Mdogo mtu wa Kichaga anayebishana na kaka yake saa hiyo ataambiwa hata hajamaliza kumlilia baba ameanza kugombea mali. Huenda alinyamaza kwa kukubali, huenda kwa heshima, huenda kwa aibu, na huenda neno lile lilimchoma kuliko lilivyokuchoma wewe, maana aliyeambiwa hana mrithi ni yeye. Mimi simjui. Wewe unamjua, lakini hujamuuliza.

Na tazama anachokifanya sasa. Huyo aliyenyamaza siku ile ndiye anayetaka kukata ardhi aliyoachiwa na baba yake ili binti akasome. Kwa mwanamume wa Kibosho hilo si jambo dogo. Kabla ya kulifanya, alikuja jikoni akakuuliza unaonaje. Wengi hawaulizi; wake zao wanasikia ardhi imeuzwa siku fundi anaposhusha tofali. Sikuambii haya ili ujione mkosaji. Nataka uweke ukimya wa siku ile na swali la juzi mezani pamoja, uone kama bado vinakupa jibu lile lile.

Hata hivyo, hofu yako haikutoka hewani, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba unawaza vibaya. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti nyuma ya wana wa kiume katika urithi, na kwenye ardhi ya ukoo likawabana zaidi. Bado linatajwa kwenye mirathi ya kimila hadi leo. Upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Na mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kagera aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, akaiuza, na mtu wa ukoo akataka mauzo yafutwe kwa sababu yeye ni mwanamke. Jaji Mwalusanya alikataa, akasema kumbagua kwa jinsia yake kunapingana na Katiba. Angalia neno wosia hapo. Baba yake alikuwa ameandika. Yule mama jirani yako aliyebaki na chumba kimoja, sijui kama mumewe aliacha hata kipande cha karatasi.

Kuna sentensi yako moja niliyoirudia kuisoma: "pale kihambani mimi sina changu". Mwanangu, kweli? Mikungu unayoishusha sokoni inatoka kwenye migomba uliyoitia samadi kwa mikono yako. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakwenda mbele zaidi: mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiendelezwa kwa jasho la mwenzake, nayo inaweza kuhesabiwa. Hayo husemwa ndoa inapovunjika, na Mungu apishe mbali, wala wewe hukuniandikia kuhusu kuachana. Nayataja kwa sababu mtu anayeamini hana chake huingia kwenye mazungumzo na mumewe kama ombaomba, na sidhani kama hiyo ndiyo nafasi yako katika nyumba hiyo.

Sasa Kahe. Hapa nitakuuliza swali ambalo huenda hutalipenda. Shamba hilo ni la nani? Kwa jasho ni lako. Kwa karatasi ni la mdogo wako. Hata ukitaka kuliuza kesho, sahihi itakayotakiwa ni yake. Akipatwa na lolote, mjane na watoto wake watakuwa na karatasi yenye muhuri, na wewe utakuwa na maneno. Wifi yako anaposema "shamba letu" huenda hana ubaya wowote, huenda ndivyo mumewe alivyomweleza ili kuilinda siri yako. Lakini ulikimbia ardhi iliyo kwenye jina la mwanamume mmoja, ukajenga tumaini lako kwenye jina la mwanamume mwingine. Wakati ule uliona hakuna njia. Ujue tu kwamba sheria ya ndoa ya nchi hii inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kununua na kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe, sawa na mwanamume. Mwenyekiti wa kitongoji akiuliza mume yuko wapi, swali lake halikuzuii kununua.

Tuje kwenye njia ulizonazo.

Kunyamaza na kuacha kihamba kikatwe. Njia hii inailinda siri kwa muda, lakini sioni kama inakulinda wewe. Ardhi ikishauzwa kwa kaka mtu hairudi, na majani ya ng'ombe utaanza kuyatafuta mbali au kununua. Kuna lingine: siku Baba Neema akija kujua kuhusu Kahe baada ya kuuza, hatakumbuka tu kwamba ulimficha. Atakumbuka kwamba ulimwacha auze ardhi ya baba yake wakati wewe ulikuwa na heka yako. Hilo la pili ni gumu zaidi kusamehe.

Kuuza Kahe kimyakimya na kusema umekopa kikundini. Naona kwa nini inakuvutia: binti anasoma, kihamba kinabaki, hakuna anayelia. Lakini mkopo wa VICOBA hurejeshwa, na akina mama wenzako watajua hujakopa. Mume wako atataka kukusaidia kurejesha, ataleta fedha ya kahawa mkononi mwako, na wewe utaiweka wapi? Halafu utabaki bila Kahe, na ile hofu ya kwanza itakuwa palepale, haijaguswa.

Kukopa kikundini kweli kweli, kwa jina lako, na kulipa kwa mavuno ya Kahe. Hii inasogeza mbele tarehe ya Desemba bila kuuza chochote. Hatari yake unaijua kuliko mimi: masika yakikataa, riba haikatai.

Na kumwambia. Ngoja nikae hapa kidogo.

Nadhani unaogopa atakasirikia shamba. Mimi nafikiri shamba halitamuuma sana. Wanaume wengi wakigundua mke amenunua heka moja kwa fedha ya maziwa, ndani ya hasira wanajivunia pia. Kitakachomuuma ni zile safari za "nakwenda kwa mama". Atazihesabu moja moja. Atajiuliza kama kweli zilikuwa za shamba, na watu wa nje watamsaidia kujiuliza vibaya zaidi. Kwa hiyo ukiamua kusema, jiandae kuzungumza juu ya safari hizo kuliko juu ya ardhi. Uwe tayari kumpeleka Kahe akaone mahindi yenyewe, azungumze na majirani wa shamba. Uwe tayari pia kwa siku za ukimya nyumbani.

Unaweza pia kuanza na swali badala ya siri. Yaani kabla ya kufika Kahe, umuulize lile ambalo hukumuuliza: "Siku ile kaka aliposema watoto wetu ni watu wa nje, wewe ulikuwa unawaza nini?" Kisha unyamaze, umsikilize mpaka mwisho, hata kama atachukua muda mrefu kuanza. Jibu lake litakufundisha mengi juu ya namna ya kuendelea. Akisema, "Lile neno linanila mpaka leo," utakuwa umepata mlango wa kumweleza ulichofanya kwa sababu ya neno hilo hilo. Akisema kaka alikuwa sahihi, utakuwa umejua, na hapo una sababu ya kwenda polepole sana na kutafuta ushauri wa kisheria kabla ya kufungua jambo lolote.

Je, useme peke yako au mbele ya mtu? Mliofunga ndoa kanisani mnao wasimamizi wenu wa ndoa. Kama bado wapo na Baba Neema anawaheshimu, hiyo ni kazi yao. Jumuiya nisingependa iwe mahali pa kuanzia. Si kwa ubaya, ila likishasikika na wengi, mume wako atalazimika kuwajibu wao kwanza kabla ya kukujibu wewe. Wazee wa Kichaga wana isale, jani la yale masale ya mpakani, linalopelekwa kuomba amani na msamaha. Wapo wanaume ambao jani hilo likiletwa mlangoni na mtu mzima mwenye heshima zake, hawawezi kukataa kusikiliza, na wapo wengine wataona umekuza jambo la chumbani. Wewe unajua wako ni yupi. Na ingawa unasema hajawahi kukunyanyulia mkono, hasira ya kudanganywa ni ngeni kwenu nyote wawili. Chagua saa ambayo watoto hawako katikati, na uwe na mahali pa kulala usiku huo kama moyo wako utakuambia utoke.

Kuhusu ada yenyewe, msikubali tarehe ya shemeji iwe ndiyo saa yenu. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Nendeni chuoni mkaulize, msitegemee fomu ya kujiunga peke yake. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawapa mikopo pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya kozi, za afya zikiwamo. Binti aulize kama kozi yake imo na dirisha la maombi liko wazi au lini litafunguliwa. Inawezekana pengo lenu ni la muhula mmoja tu, na kuuza ardhi kwa ajili ya muhula mmoja ni uamuzi tofauti na kuiuza kwa ajili ya miaka mitatu. Kama mwenye fedha ni shemeji na ana nia njema, muulizeni pia kama anaweza kukodi ile sehemu kwa miaka kadhaa au kumkopesha mdogo wake. Jibu atakalotoa litawaonyesha anachokitaka hasa.

Mkifika mahali mkakubaliana kuuza, isiandikwe sebuleni katikati ya pilau ya Krismasi. Mauzo ya ardhi ya kijiji yanahitaji kupita kwa halmashauri ya kijiji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama kipande kile cha chini kinahesabika pamoja na nyumba, hilo msaidizi wa kisheria wa kata yenu alitazame, au mshuke Moshi mjini kwa shirika la KWIECO, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwasaidia wanawake wa Kilimanjaro katika mambo kama haya. Unaweza kuuliza bila kumshtaki mtu yeyote. Kujua haki yako ya kukataa si lazima ikufanye ukatae.

Na ukifika mahali ukaona ni afadhali Kahe iuzwe binti asome, usiitoe bure. Sisemi umlipishe mume wako. Nasema hofu iliyokufanya ununue Kahe ipate jibu jingine, tena la maandishi. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke wote wawili. Wosia unaandikwa akiwa mzima na mwenye akili timamu, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kuhifadhi. Ndivyo alivyofanya baba yake Holaria Pastory. Baba Neema anaweza kuwaandika binti zake kwa majina yao, na hapo maneno ya msibani yatakutana na karatasi. Kama atakuwa tayari kufanya hivyo, utakuwa umepata kile ulichokwenda kukitafuta kule tambarare. Kama hatakuwa tayari, Kahe inabaki kuwa mahali pako pekee pa kushika, na sitakulaumu ukikataa kuiachia.

Unaona sijakuambia useme au unyamaze. Mimi nitafunga kalamu, na wewe ndiye utakayebaki nyumbani na jibu lolote litakalotoka. Jambo moja tu halingoji uamuzi huo: mdogo wako. Mfuate kabla ya Desemba, kaeni pale kwa mama yenu Uru, mama akiwepo na wifi yako akiwepo, aandike kwa mkono wake kwamba fedha iliyonunua lile shamba ilikuwa yako na yeye alisimama kwa niaba yako. Mama aweke sahihi au dole gumba kama shahidi, na mtu mmoja wa nje ya familia naye ashuhudie. Nakala moja ibaki kwa mama. Nyingine mpe mtu unayemwamini nje ya nyumba zote mbili.